Kopo Nililompa Mgeni wa Bulengera

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Wanaonicheka hawajawahi kulala ndani ya ile boti. Mimi nimelala humo, na ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu mawili, sijanywa kitu.

Ilikuwa wakati wa vita. Boti yangu ya tanga niliichongesha Beni, penye mbao nzuri, nikaipakia kwenye lori niipeleke ziwa Edouard, nilikozaliwa. Kufika Butembo, tukasikia askari wanakamata magari. Dereva akaishusha boti katika parcelle, kiwanja cha mama mmoja, Mama Masika, huko Bulengera, akatoroka na lori lake. Basi nikabaki na boti juu ya kilima, bila ziwa. Nyumba nyingine sikuwa nayo. Nilitandaza tanga juu yake likawa paa, nikakaa humo.

Mchana nilizunguka kuuona mji. Niamini, nilifurahi kuliko siku nyingi za ujana wangu. Niliangalia maghorofa ya wafanyabiashara, kanisa kubwa, vijana wanaoteremka na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizojaa kabichi. Nikirudi, Mama Masika alinitania akiuliza capitaine amefika bandari gani leo.

Watu husema mambo haya hutokea usiku. Yangu yalitokea asubuhi, ukungu ukiwa mzito, Mama Masika anawasha makala. Mwanaume alisimama kando ya boti, shati limemganda mwilini kwa maji. Mvua haikuwa imenyesha. Akaomba kupanda.

Sasa, kwetu ziwani, kila anayepanda hupewa kopo la kutolea maji. Akilipokea, ni mwenzenu: humfukuzi njiani, naye usukani haugusi. Mkono wangu ulimpa kopo kabla sijafikiri.

Mama Masika akacheka. "Unamupatia kopo ya nini? Maji iko wapi hapa?"

Mtu yule akapanda mbele, akainama, akachota kwenye mbao kavu, akamwaga nje. Maji yakamwagika chini, mengi. Wewe ungefanya nini? Mama Masika aliacha makala yake, nikasikia komeo la mlango wake.

Mgeni akanisimulia polepole kwamba boti yake ilizama naye ziwani, na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Halafu akainuka, akaja upande wangu nyuma, penye usukani. Alinuka tope.

"Shuka, ndugu," akasema. "Hii boti ni yangu sasa."

Ningeweza kushuka, sikatai. Mais vita vilikuwa vimenichukulia mbuzi, baiskeli, hata kijiji. Na huyu naye? Niliukumbatia usukani kwa mikono miwili.

"Kopo ulipokea mwenyewe," nikamwambia. "Rudi mbele, utoe maji. Mimi sishuki."

Alinitazama kama mtu anayekumbuka adabu aliyofundishwa kwao. Kisha akarudi mbele, akaendelea kuchota. Ukungu ulipoondoka hakuwepo, wala kopo halikuwepo. Parcelle nzima ilikuwa tope, na ndani ya tope majani ya ziwani, pale juu kilimani.

Majirani walitaka kuichoma boti. Nikalala humo usiku ule ule, na kila usiku uliofuata, mpaka njia ikafunguka.

Nilipoifikisha ziwani nilidhani yule mgeni, ingawa haonekani tena, atashuka. Hakushuka. Labda anakokwenda si nilikofika mimi. Mpaka leo dhoruba ikitupiga, ndani ya boti hubaki pakavu, na alfajiri nasikia kopo likikwaruza mbao huko mbele. Mke wangu haipandi. Padri aliniambia niiuze. Niiuze kwa nani, na huyo aliyemo nimwachie nani?

Donc sikiliza. Mutu aliyelowa akikuomba kupanda siku kavu, mpe kopo kwanza, hata kama chombo chako kiko juu ya kilima. Akikuambia ushuke, usishuke.