Nzombo ya Kinamasi ya Bigo

Juzi, rafiki yangu, nilipita soko ya Nyakasanza kutafuta samaki. Mama moja akafunua beseni yake: nzombo, ile samaki ndefu kama nyoka, yenye kupumua hewa kama mutu. Nilifurahi, maana sikuiona tangu zamani. Nikainama. Harufu ya dawa ya wadudu ikanipanda mu pua.

«Walitia dawa mu maji?» nikamuuliza.

«Papa, weye unanunua samaki ao unanunua maji?»

Nikatoka pale natema mate.

Nilikulia Bigo, kwa koko, mama ya baba yangu. Shamba yake ya viazi ilishuka mpaka mu kinamasi yenye mafunjo. Kiangazi, maji ikikauka, nzombo ilikuwa inajizika mu udongo, inajifunga na ute wake, inangoja mvua. Siku moja jembe ya koko iligusa moja, ikalia. Kweli, inalia! Niliruka nyuma. Koko akairudishia udongo polepole, kama mutu anafunika mugonjwa wa homa. Mvua ikirudi, watu walivua na ndoano, lakini si ile dume yenye kulinda mayai mu shimo. «Baba mwenye kulinda watoto hauawi,» koko alikuwa anasema. Ile ingine aliipika na sombe, majani ya muhogo, na mawese, na siye tulilamba mpaka vidole.

Halafu jirani yetu akaleta dawa ya kunyunyizia maharagwe, akaimwaga mu maji ili avue bila ndoano. Asubuhi povu ilijaa, vyura tumbo juu, vitoto vya nzombo vinaelea kama tambi, na baba yao juu ya shimo, mudomo wazi. Jirani akachagua nzombo zenye kuwa kubwa, zingine akaacha zioze.

«Koko, ni samaki tu,» akacheka.

Koko akarudi mu shamba yake. Harufu ilipoanza kuingia mpaka mu chakula, akashuka na kitunga, akaokota ule uozo wote na mikono yake, funza zikimupanda mpaka mu viwiko. Akaumwaga kwenye mulango ya jirani, saa watu wanatoka kanisani.

«Kula sasa! Ni samaki tu!»

Muke ya jirani alitoka, akaziba pua na kitenge, akarudi ndani. Jirani akafagia mwenyewe, anatapika, watu wote wanamuangalia. Hakutia dawa tena, mpaka koko alipokufa.

Leo kinamasi haiko. Walijaza takataka, wakajenga juu. Mvua ikinyesha, maji nyeusi inatoka chini ya nyumba na pampa chafu za watoto, na vifuko vya pombe kali. Mutu anapita, anaziba pua, anatupa mufuko ingine.

Nikiambia watoto wangu kama samaki ilikuwa inalala mu udongo wa Bigo, wanacheka: «Papa, samaki gani inaweza kulala mu ile uchafu?» Na chenye kinanichukiza kupita harufu ni hiki: wanafikiri Bigo iliumbwa vile.