Nani Kasema Nimfute

Fundi viti alikuwa na mkono unaotetemeka na mkwe anayejua kila kitu. Mkono angeweza kuuvumilia.

Miaka arobaini na minne alitengeneza viti. Yeye alichonga miguu na maegemeo, mkewe akasuka vikalio vya kamba. Walikaa wakitazamana karakanani kutwa nzima. Sasa mkewe hayupo, mwezi wa nane huu. Aliugua homa siku nne, ya tano wakamzika. Hakuna la kuongeza hapo.

Binti yake alimchukua akampa chumba cha nyuma. Asubuhi anakwenda karakana, jioni anarudi. Presha ikapanda. Patasi ikawa inacheza mkononi. Akaenda zahanati.

Muuguzi, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimpima, akaguna.

"Mzee wangu, dawa zako hizi. Halafu kila siku tafuta dakika kumi ukae kimya, utafakari. Sikiliza pumzi yako tu. Anayefuata!"

Ni hayo tu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kosa la fundi ni kwamba aliyasema hayo mezani. Mkwe wake, karani wa ofisi ya bima, aliweka kijiko chini. Kumbe alishatazama video za kutafakari kwenye simu. Tatu. Mtu akishatazama video tatu hashikiki.

"Baba, hili niachie mimi."

Kesho yake fundi alitolewa kitandani kabla ya chai. Sebuleni pametandikwa blanketi.

"Kaa chini, Baba. Kunja miguu, huu juu ya ule. Mgongo wima."

"Magoti yangu yana miaka sabini na moja."

"Yatazoea."

"Kiti si kile pale?"

"Kiti hakifai. Kiti ni uvivu."

Fundi alimtazama. Kiti kile alikitengeneza yeye, zawadi ya harusi yao. Mkwe amekikalia miaka tisa, amekilia chakula, amekisinzilia, na hata siku moja hakukiita uvivu. Lakini nyumba ni ya watu. Akashuka chini. Goti likalia kama ukuni.

"Sasa futa kichwa. Usiwaze kitu. Kiwe kitupu kabisa. Nusu saa."

"Muuguzi alisema dakika kumi."

"Kumi ni za watoto."

Fundi alifumba macho. Wa kwanza kuja alikuwa mkewe. Alikuja na kitambaa chake cha kazi kichwani, kamba begani, akiuliza mtu mzima anafanya nini pale chini kama chura. Fundi akacheka.

"Baba! Unawaza!"

"Nimemwona mama yenu."

"Mfukuze."

Mfukuze! Mke aliyeishi naye miaka arobaini na sita. Afukuzwe kama kuku aliyeingia jikoni.

Siku ya nne picha ya mkewe ikaondolewa ukutani. Ati inavuruga utulivu. Siku ya sita ikatoka amri mezani: marehemu asitajwe, mnamrudisha mzee nyuma. Binti aliinamia sahani yake. Macho yalikuwa yamevimba. Fundi akadhani mtoto anaogopa presha ya baba yake, akaona bora atii ili mtoto apumue. Kila asubuhi mkwe alimhoji kama mwalimu wa zamu.

"Leo tumefaulu?"

Na fundi, na mvi zake zote, anajibu, "Kidogo."

Mwishowe akajifunza kufukuza. Mkewe akitokea mlangoni, anafunga mlango. Akizungukia dirishani, anafunga dirisha. Wiki ya tatu mkewe akawa haji tena. Mkwe alimpigia makofi.

Jumamosi ya wiki ile fundi alikuwa karakanani, anapiga msasa mguu wa kiti. Njaa ikamwambia saa ya kula imefika. Akanyoosha mgongo na kutaka kukumbuka mkewe alivyokuwa akimwita kula. Alimwita kila siku ya Mungu, na wala si kwa jina. Fundi akangoja. Hakikuja kitu. Aliuona mdomo unafunguka, sauti hakuna, kama televisheni iliyozimwa sauti.

Akangoja tena. Hakuna.

Alitupa msasa. Hata mlango hakuufunga. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akapita foleni yote, akasimama mbele ya muuguzi.

"Wewe! Wewe umeniulia mke mara ya pili!"

Wagonjwa wote benchini waligeuka. Muuguzi alivua miwani.

"Mimi, mzee wangu?"

"Ulisema nitafakari, nimetafakari. Nimefuta, nimefuta, sasa hata sauti yake sina! Nirudishie!"

"Nani kasema ufute?"

"Si wewe!"

"Mimi nilisema usikilize pumzi."

"Mkwe wangu anasema kichwa kiwe kitupu."

"Mkwe wako ni daktari?"

"Karani wa bima."

"Haya. Basi sikia. Kichwa hakifutwi. Kuwaza ndiyo kazi yake, kama moyo unavyodunda. Wewe kaa tu."

"Chini?"

"Chini ufanye nini, na magoti hayo? Huna kiti?"

"Mimi?" Sauti ya fundi ilipanda. "Mimi nikose kiti?"

Benchi zima likacheka, maana wengi walikuwa wamekalia viti vyake makwao. Muuguzi naye alicheka, kisha akaona uso wa mzee, akaacha.

"Kaa kwenye kiti chako. Sikiliza pumzi. Wazo likija, lione, halafu rudi kwenye pumzi. Likija tena, rudi tena. Hata mara mia. Hakuna kufaulu, hakuna kufeli."

"Na mke wangu akija?"

"Mwache aje."

"Akiondoka?"

"Mwache. Usimfukuze, usimng'ang'anie."

"Dakika kumi zikinishinda?"

"Kaa tatu."

"Nikisinzia?"

"Ulikuwa na usingizi."

"Hiyo hata mimi naiweza," alisema mama mmoja benchini.

Fundi hakucheka. "Sasa haya mbona hukuyasema siku ile?"

Muuguzi alitazama foleni, akamtazama yeye. "Nilikuwa na haraka. Nimekosa, mzee wangu. Unisamehe."

Fundi hakusamehe palepale. Aliguna, akaondoka.

Nyumbani aliwakuta wanataka kuanza kula, binti na mumewe.

"Picha iko wapi?"

"Baba," alisema mkwe, "hasira kama hizi ndizo tunazoziondoa..."

"Hasira zangu usiziguse. Nazitumia. Picha iko wapi?"

"Kabatini. Chini ya mashuka. Mimi nilitaka mema."

"Ulitaka mema ukaniambia nimfukuze mke wangu. Wako huyo hapo, anakupakulia. Mfukuze tuone."

Mkwe alimgeukia mkewe amsaidie. Mkewe hakumsaidia.

Fundi akavuta kiti, akakaa. Mikono magotini, macho wazi. Akasikiliza pumzi. Ilikuwa inatoka kwa kishindo, kama ya ng'ombe. Ikaja hasira, akaiona, akarudi kwenye pumzi. Ikaja tena, akarudi tena. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha. Mkwe alitafuna polepole, asisikike. Mke wa fundi hakuja.

"Baba, unafanya nini?" binti aliuliza.

"Namngoja mama yako. Alivyokuwa ananiita kula, sikumbuki. Imefutika."

Binti alibaki na upawa mkononi. Mchuzi ukadondoka mezani, hakuufuta.

"Na mimi nimekatazwa kumtaja," alisema. Hakuwa anasema na baba yake. Alikuwa anamtazama mumewe. "Wiki mbili nimemmeza hapa kooni. Mama yangu. Nimekatazwa mama yangu mzazi, ndani ya nyumba yangu, kwa sababu ya video!"



Binti akachukua mfuniko wa sufuria, akaupiga kwa upawa mara mbili. Machozi yanamtoka, shingo ameinyoosha.

"We mtu wa vumbi! Njoo, au nakula na fungu lako!"

Fundi aliruka kitini.

"Siyo hivyo!"

"Ndivyo alivyokuwa anasema!"

"Maneno ndiyo. Lakini alivuta mwisho. Na fungu laaako!"

"Alivuta mwanzo, Baba. Weeee mtu wa vumbi! Mimi nilikuwa namsikia kutoka shuleni."

"Wewe ulikuwa shuleni, mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake!"

"Hatua mbili, na masikio yamejaa unga wa mbao!"

"Jamani," alisema mkwe, "sauti. Presha ya mzee..."

"Nyamaza!" walimwambia wote wawili.

Fundi alijifuta macho kwa kiganja. Mkono ulikuwa bado unatetemeka.

"Haya, iseme tena," alimwambia binti yake. "Na safari hii uvute mwisho."