Treni ya Maji ya Mnyambe

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kule juu Newala, mtoto aliujua uzito wa ndoo kabla hajajua kuandika jina lake. Waliozaliwa baada ya mabomba kufika wakae pembeni kidogo. Nazungumza na waliowahi kuteremka bondeni alfajiri na mapema, ngata ya majani ya mgomba mkononi, wakapanda mlima shingo imekakamaa, na bado wakawahi kengele ya shule.

Kengele yenyewe pale kijijini kwetu Mnyambe ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inia kwenye mkorosho mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na kikigongwa kilisikika mpaka mashamba ya mbali. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona treni. Ilikuja kusini sisi hatujazaliwa, ikafika na mbwembwe zake mpaka Masasi, kisha wenyewe wakaing'oa reli wakaondoka nayo. Wakatuachia tuta, vyuma viwili vitatu, na Mjomba Issa.

Mjomba Issa alikuwa kaka yake mama, na kwetu Wamakonde mnajua mjomba ni nani: baba anakulea, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Ujana wake aliumalizia kupakia karanga kwenye mabehewa. Watu wazima walishachoka na habari zake. Akianza tu, "Siku moja pale stesheni ya Ruo," utasikia mtu anakumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Sisi watoto ndio tuliomganda kama kupe. Alivimbisha mashavu, akatoa mlio mrefu wa treni, kisha magoti yakaanza kwenda polepole, yakaongeza mwendo, mpaka vumbi likatimka na bibi akafoka kwamba anamtia mchanga kwenye mboga. Watu wanauliza kwa nini treni inapendwa na hata asiyewahi kuiona. Mimi niliipenda kwa neno moja la mjomba. Alikuwa akisema: "Kwenye treni hakuna anayefika kabla ya mwenzake. Wa mbele avute, wa nyuma atafika."

Basi tukaanzisha treni yetu, sisi wasichana wa kuteka maji. Kichwa cha treni nilikuwa mimi, maana nilikuwa na shingo nene na mdomo mpana, na kazi ile ilihitaji vyote viwili. Nyuma yangu alifuata Asumini, rafiki yangu mwenye hasira za karibu, wakafuata wengine, na mwisho kabisa Zuhura, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyebeba sufuria kwa sababu ndoo ilimzidi kimo. Mlima tukaugawa stesheni, kwa majina ya zile za mjomba. Chemchemi kule chini ikawa Mtwara, kwenye jiwe kubwa ni Ruo, kwenye mianzi ni Chilungula, na nyumbani ndiyo Masasi. Kupumzika ni stesheni tu. Majani tuliyaweka juu ya maji yasimwagike, tukapanda tunaimba, shuku-shuku, shuku-shuku, na msimu wa mabibo tulifika Ruo midomo imekauka kwa ukakasi. Mama alikuwa akitucheka. Alisema hajapata kusikia treni inayokula mihogo njia nzima.

Mwaka ule kaka yangu Hamisi alipoingia jandoni, mama aliacha kucheka. Siku ya kuwatoa vijana ndugu wote wa baba wangekuja kutoka Chiungutwa, na mbele yao shangazi yetu, dada yake baba, mwanamke mwenye ulimi. Kila akikutana na mama alimtania kwamba watu wa Newala wanaoga kwa umande. Utani ni utani, lakini ukirudiwa miaka yote unachoma. Mama akaweka nia. Alikuwa na kisima cha maji ya mvua nyuma ya nyumba, akakifunika vizuri, akakataza mtu kukigusa, tukafulia mbali. Alitaka siku hiyo moja tu wageni wanawe mikono, wanywe, vijana waogeshwe kabla ya kuvishwa kanzu mpya, na shangazi akose la kusema.

Ilipobaki siku moja akafunua kisima. Kilikuwa na tope. Ukuta ulikuwa umepata ufa, maji yote yamenywewa na ardhi kimyakimya. Mama alikaa chini palepale, khanga imemwanguka begani, akasema, "Kesho nitaficha wapi uso wangu?" Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu hivyo.

Wanaume walikuwa kambini kwa vijana. Wanawake walikuwa na mchele wa kupepeta na kuku wa kuchinjisha, na majirani walitoa walichokuwa nacho, kikaishia kwenye kupika. Mjomba Issa akaniita, akaniuliza kama treni yangu ni ya mchezo au ya kazi. Nikamjibu ni ya kazi. Akasema basi kesho tuone.

Tuliondoka kunapambazuka, wasichana wote waliokuwa na kichwa cha kubebea. Hata wale tuliokuwa tunagombana nao kwenye rede walikuja, maana habari ya mama ilishaenea. Kule chemchemini kila mtu alijaza mpaka ukingo. Jua likatupata Ruo. Tulipofika Chilungula ngoma zikaanza kusikika kule juu: vijana wamekaribia. Asumini akasema sasa tukimbie, nyimbo baadaye. Tukaongeza mwendo, na hapo ndipo nyuma tukasikia sufuria inabingirika.

Zuhura alikuwa amekaa katikati ya njia, goti linavuja damu, analia si kwa sababu ya goti bali ya maji. Asumini akaniambia tumwache, aje polepole, sufuria moja haitamwokoa mama yako. Na alikuwa na haki. Lakini mimi kichwa ndiye niliyekuwa na amri, nami nilikuwa nimeimeza treni ya mjomba na reli zake zote. Nikasema hakuna anayefika kabla ya mwenzake. Tukatua ndoo, kila mmoja akammiminia kidogo, sufuria ikajaa. Halafu nikabadilisha mpango: Zuhura nikamweka nyuma yangu mimi, na Asumini akaenda mwisho, akanuna, akasukuma wote kwa maneno makali. Haijawahi kutokea treni kupanda mlima ule kwa kasi ile.

Tuliingia uwanjani tunaimba, mstari mmoja ulionyooka, maji yanametameta juu ya vichwa kutoka ukingo wa mashamba mpaka mlangoni kwa mama. Ngoma zikanyamaza. Wageni wakasimama kwenye mikeka. Mjomba Issa, na kanzu yake ya Idi, akapaza sauti, "Masasi! Masasi, mwisho wa reli, wote mmefika!" Mama akapiga kigelegele ambacho nadhani Msumbiji walikisikia. Hamisi na wenzake wakaogeshwa, wakang'aa kama mbegu za ubuyu. Na shangazi, jamani, alinawa mpaka viwiko. Akaomba kikombe cha pili. Neno umande hakulitamka tena hadi anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Siku hizi, sikatai, mambo ni mepesi. Bodaboda inapandisha madumu mlima ule chai haijachemka, na hapa kwangu Mkomaindo, mjini Masasi, nazungusha tu koki. Alhamdulillahi, shingo zetu hazikuwa za chuma. Ila kila mtu ana koki yake na mlango wake, na mwenzako akianguka njiani unaisoma habari yake kwenye simu.

Juzi mjukuu wangu Twaha alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akajisifu kwamba amepanda treni ya umeme mpaka Dodoma. Mbio ajabu, bibi, ananiambia, huoni hata miti. Akanionyesha na video, sura yake mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza aliyekaa kando yake alikuwa nani. Hakumjua, alikuwa amevaa hedifoni. Na wa nyuma yake? Akacheka, akaniuliza ya nini kujua. Nikamshika sikio, taratibu, kama mjomba alivyokuwa akitushika sisi.

"Wewe ulipanda treni, mjukuu wangu," nikamwambia. "Bibi yako alikuwa treni."