Klori Haikufika kwa Robine ya Sita

Siku ile Koko Felisita aliponipandia mlima mara ya tatu, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu. Nakueleza kwa sababu umenichosha. Jana nilikuuliza kama klori inafika kwenye robine ya mwisho, ukanijibu, "Mama, asubuhi niliweka." Mimi sikukuuliza kama uliweka. Nilikuuliza kama inafika. Basi kaa chini, weka hiyo telefone mfukoni, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka tu kupata diploma, na komite ya maji ya upande wetu wa Lushebere ikanipa kazi ya klori. Maji yalitoka kwenye chemchemi mlimani yakaingia kwenye tangi la saruji. Kutoka pale tiyo, bomba la kusafirisha maji, ilipita chini ya ardhi, ikakata malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, ikaishia bondeni kwa watu waliokimbia vita. Njiani kulikuwa na robine sita za kufungulia na kuchotea maji.

Kila asubuhi nilikoroga klori kwenye ndoo, nikaimimina ndani ya tangi, nikangoja nusu saa, kisha nikachota maji kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klori ipo. Pale kwenye tangi yaligeuka kila siku, tena waridi iliyokolea. Naandika "nzuri" kwenye daftari, narudi nyumbani kabla matope hayajaharibu viatu vyangu. Ndiyo, viatu. Usicheke.

Koko Felisita alikuwa bibi mjane aliyetunza robine ya sita, ile ya mwisho kule bondeni. Mara ya kwanza alikuja kuniambia kwamba maji ya kwake hayana tena harufu ya dawa. Nikamjibu kwamba pua ya mtu mzima inachoka. Kweli nilisema hivyo, kwa mama mwenye umri wa bibi yangu. Wiki iliyofuata alirudi, nikamfunulia daftari. Hakujua kusoma, na mimi nilijua kwamba hajui.

Mara ya tatu alifika akihema, kitenge kimelowa hadi magotini. Binti yake Zawadi, aliyekuwa amejifungua mwezi uleule, alikuwa ameanza kuharisha maji matupu tangu alfajiri. Wanaume walikuwa wamembeba kwenye machela ya miti kumpeleka hospitali.

"Klori niliweka, Koko," nikasema. "Hata leo niliweka."

"Uliiweka wapi?"

"Kwa tangi."

"Sisi hatukunywake kwa tangi, mutoto wangu. Tunakunywaka kule chini. Ulishafika kule siku gani?"

Tangu nianze kazi nilikuwa sijafika hata mara moja.

Siku hiyohiyo Mama Odette, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alinishika mkono tukashuka na kichupa, robine kwa robine. Ya kwanza, waridi. Ya tatu, rangi imefifia. Ya tano, ilibidi tushike kichupa mbele ya karatasi nyeupe ndipo tuone kitu. Ya sita, kidonge kiliyeyuka na maji yakabaki kama yalivyo. Koko Felisita alikuwa amesimama pale anatazama.

Unadhani nilipata akili? Kesho yake nilitia klori mara mbili kwenye tangi. Papa Damasi, mfugaji aliyekuwa akichota kwenye robine ya kwanza, akamwaga ndoo yake mbele yangu.

"Hii maji inanuka javeli," akasema. "Hata ngombe haitakunywa."

Watu wa juu wakarudi kuchota mtoni, na kule chini bado hakuna kitu. Nilikuwa nimeharibu pande zote mbili.

Mama Odette alinikaripia mbele ya komite nzima. "Klori si chumvi ya mboga, eti ukishatia inabaki. Inapigana na uchafu, na ikipigana inaisha. Tafuta kile kinachoikula njiani."

Tukaifuata tiyo kwa miguu. Kwenye malisho tulikuta kiungo kimelegezwa ili ng'ombe wanywe, na maji yakipungua nguvu, tope na mavi vinaingia ndani. Chini zaidi fundi wa komite alikata kipande, tukaona utelezi umeganda ndani ya tiyo, unavutika kwa kidole. Papa Damasi alikuja mwenyewe na jembe lake. Tulifunga kiungo, tukawajengea ng'ombe birika lao pembeni, tukafungulia robine ya sita hadi uchafu wote ukatoka. Siku hizo zote Koko Felisita alikuwa anatia klori kwa bomba la sindano katika kila bido la watu la kubebea maji, moja moja. Siku ya tisa kichupa cha robine ya sita kilikuwa waridi. Hafifu, lakini waridi.

Zawadi alirudi mzima. Maziwa yake yalikuwa yamekauka, wanawake wakamnyonyeshea mtoto kwa zamu. Jirani yao, Papa Bosko, aliyelazwa siku mbili baada ya Zawadi, hakurudi. Hakuna aliyenishtaki. Ila kwenye matanga Koko Felisita alinivuta pembeni akaniambia, "Kuanzia sasa utapima kwetu kwanza, kisha njo upande kwa tangi."

Basi, mwanangu, nisikulazimishe kunisikiliza mara ya pili. Anza na robine ya mwisho. Ukikuta klori imefifia, usikimbilie kuongeza, tafuta inapoishia. Andika ulichokiona, si ulichokitia. Na mama asiyejua kusoma akikuambia maji yamebadilika, vaa viatu ushuke naye, kwa sababu yeye ndiye anayeyanywa.

Mungu akubariki katika kazi hii ngumu. Akupe miguu yenye nguvu na moyo usiojivuna. Watoto wanaokunywa maji yako wakue, wazae, na wao ndio wakuzike, wewe ukiwa mzee sana.