Mama Aliyeuliza Wazee Walisema Lini

Jumamosi tumemzika jirani yangu wa hapa Old Moshi, kwenye kihamba kile kile, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, alichokuwa anagombania na shemeji yake, ndugu wa mumewe aliyetangulia. Nawaandikia hili, wasomaji wangu. Kesi inaanza upya, mwenyewe hayupo, na anayejua masale, mimea yetu ya kuwekea mpaka, yalipandwa wapi nimebaki mimi peke yangu.

Shemeji alidai kihamba chote ni cha baba yao, mjane hana chake. Baraza la ardhi likasikiliza, mwenyekiti katikati, wazee wawili wa baraza pembeni. Nikatoa ushahidi. Siku ya hukumu mwenyekiti akasoma kwamba kihamba ni cha shemeji, na wazee wamekubaliana naye. Marehemu akasimama. "Mheshimiwa, hao wazee walisema lini? Sisi hatujasomewa maoni yao." "Mama, kaa chini, hukumu imeshatoka." Mimi nikamvuta khanga. "Kaa, wewe! Watatufunga!" Akanigeukia: "Wanifunge kwa kuuliza? Basi jela itajaa wanawake wa Kichaga." Watu wakacheka. Mimi niliendelea kumvuta khanga.

Akakata rufaa. Mahakama Kuu wakafungua jalada, wakakuta ni kweli, maoni ya wazee hayakusomwa mbele ya wenye kesi kama sheria inavyotaka. Wakafuta hukumu na mwenendo wote, wakaagiza kesi isikilizwe upya, kwa mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Nikapiga vigelegele. Yeye alikuwa anakatia ng'ombe majani, hata hakuinua kichwa. "Hatujashinda, mama. Tumerudishwa mlangoni tuingie vizuri." Hakuwahi kuingia.

Sasa bintiye ndiye anayeomba usimamizi wa mirathi ili aendeshe kesi, na mimi ni shahidi wake. Pale msibani shemeji alinisogelea. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Macho bado yanaona?" "Yanaona mpaka jikoni kwako." Akacheka, akageuka kuyatazama masale, si kaburi. Nilimjibu kwa ukali, ndiyo, lakini nilipofika nyumbani nilifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

Sisi tumelelewa kumnyamazia mtu mwenye meza na faili. Tunadhani utaratibu ni mambo ya mawakili. Marehemu hakunizidi darasa hata moja. Alisikiliza tu nani amesema na nani hajasema. Na mwenye nguvu anaweza kuishi bila utaratibu. Mjane hawezi.

Jumatatu bintiye atanipitia twende mjini kufuatilia kesi. Naogopa, siwafichi. Naogopa kusahau, naogopa maswali ya wakili wa upande wa pili, namwogopa yule shemeji. Lakini naogopa zaidi nikikumbuka kwamba siku ile ya hukumu mle barazani wote tulijua wazee hawajasikika, na wote, isipokuwa yeye, tukakaa kimya. Ukiona kitu kimerukwa, sema kabla hujatoka kwenye chumba hicho, hata sauti ikikatika. Kama naye angekaa kimya, kihamba kingebaki cha shemeji, na Jumamosi tungekwenda kumpigia magoti shemeji atupe ruhusa ya kuchimba kaburi.