Jeneza Linalocheka Saa Moja Asubuhi

Saa moja asubuhi, jeneza linacheka.

Naam, umesoma vizuri. Liko juu ya meza katikati ya karakana, halijapakwa hata vanishi, kifuniko kimeegeshwa, na ndani yake mtu anaangua kicheko: ha-ha-ha, ho-ho-ho! Mwandishi wa habari hizi nusura aache viatu.

Kifuniko kinasogea. Anachomoza mwanamume wa miaka hamsini na miwili, nyusi zimejaa vumbi la mbao.

"Karibu! Usikimbie, bado nipo nipo."

Ni fundi wa majeneza kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana presha ilimpanda hadi 190 kwa 110, akaanguka randa ikiwa mkononi. Kliniki alipewa vidonge, kisha muuguzi akamfundisha yoga ya kicheko: kuvuta pumzi ndefu, kupiga makofi na kucheka bila kichekesho chochote.

"Nikamwambia, sista, mimi nauza majeneza, nicheke nini? Akasema igiza tu, mwili utafuata wenyewe."

Ukafuata, jamani! Vidonge hajaacha, lakini sasa analala usingizi wa maana, na kipimo cha mwisho kilikuwa 138 kwa 86. Ila mfiwa hawezi kukaribishwa kwa kicheko, ndiyo maana fundi hujificha humo ndani.

"Nilimwonya: baba watoto, ipo siku utaua mtu," anasema mkewe, anayeshona vitambaa vya ndani.

Juzi ilibaki kidogo. Mjane alikuja mapema kuangalia jeneza la mumewe, akalikuta linacheka. Alipiga yowe, akatoka mbio, pochi ikabaki mlangoni.

"Aibu gani ile! Leo nimecheka mara ya mwisho, basi," fundi anasema.

"Na presha ikirudi, mimi nibaki na nani?" mkewe anamjia juu.

Kabla hajajibiwa, mjane anaingia kufuata pochi yake. Fundi anamsogelea.

"Dada yangu, nisamehe. Nitakutengenezea jingine."

"Ndilo hili lililocheka?"

"Ndilo."

Mjane analipapasa. "Mume wangu alikuwa na vituko huyo! Usiku ule ule, jikoni, nilikumbuka nilivyotimua mbio, nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalala, mara ya kwanza tangu afariki. Nataka hili hili, fundi. Usibadilishe hata msumari."

Mkewe analia waziwazi.

"Nikishamzika, naweza kuja kucheka na nyinyi?" mjane anauliza.

"Njoo, dada. Sasa tutachekea uani, mlango wazi."

"Afadhali," mjane anasema akifuta macho. "Maana humo ndani siingii. Mimi bado nipo nipo sana."