Mama Kampima Mkwe kwa Simu

Binti yangu Neema anaolewa, jamani! Shikamooni wakubwa.

Leo mchumba kaja nyumbani, hapa Kisesa. Mama yangu akaomba kuiona simu yake mpya.

Mara, akiwa nayo mkononi, akajifanya anateleza.

Kijana akamdaka Mama. Simu ikaanguka sakafuni, ikapasuka!

Mimi aibu tupu, Mama anacheka.

“Mwaka wa Uhuru, baba yako alipokuwa ananichumbia, alinifundisha kuendesha baiskeli yake. Nikajiangusha nayo makusudi kwenye shamba la pamba. Baiskeli ilikuwa mali siku zile! Lakini aliniinua mimi kwanza. Huyu naye mpeni mke wake.”

Mnaona familia yetu inavyojua kuchagua?

Wa Sengerema, wa Buswelu, shikeni simu zenu vizuri mje wote Jumamosi ijayo.